Nyuzi za Mkono wa Kushoto

Quebrada Honda, 14 Aprili 2008

Dada yangu mpendwa Teófila,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo, dada? Goti lako linaendeleaje na ngazi za huko Guayaquil? Binti yako na wajukuu hawajambo? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mvua imekatika mapema, ndizi zimezaa mpaka tunawapa nguruwe, na ukungu wa asubuhi umeanza kushuka, kwa hiyo ukindu unalainika vizuri na kusuka kumekuwa raha. Ningekupigia simu dukani kwa Don Calixto, lakini unajua simu ile ina masikio ya kijiji kizima. Bora karatasi. Dereva wa basi ataifikisha pamoja na kopo la unga wa karanga na mahindi niliousaga mwenyewe.

Tangu ulipoondoka baada ya Pasaka nyumba imepoa. Bado nacheka nikikumbuka siku lile gari la hospitali lilipokuja kupiga picha za matiti pale kanisani, sisi watatu kwenye foleni, wewe, mimi na wifi Zobeida, na wewe ukamwambia yule muuguzi, "Binti, taratibu, hayo si maboga." Hata Padri alisikia.

Umeandika kwamba karatasi yako ya majibu imefika, na kwamba u safi kama sahani iliyooshwa. Ashukuriwe Mungu. Mambo mazuri hukufikia wewe mapema, ndivyo ilivyo tangu utoto. Yangu nayo imefika zahanati. Tumwachie Mungu.

Nimeanza kofia mpya, ile nyembamba sana, ya miezi minne na zaidi. Kalibu ya Baba, lile gogo la kuumbia kofia, inaisikia kazi hiyo. Nikimaliza nitakuletea uifunge ukingo kama kawaida yetu.

Mdogo wako,
Ermelinda


Guayaquil, 2 Mei 2008

Mdogo wangu Ermelinda,

Milele amina. Nimefurahi kupata habari zako. Goti ni lile lile, linatabiri mvua kuliko redio. Wajukuu wamemaliza kopo la unga kwa siku mbili, wanaulamba kwa vidole kama paka.

Umeandika kuhusu ndizi, nguruwe, ukungu, Padri na kalibu ya Baba. Kuhusu karatasi yako umeandika maneno sita. Inasema nini? Hiyo "tumwachie Mungu" si jibu la daktari.

Wifi Zobeida yuko hapa kwangu. Karatasi yake ilimtaka arudi kwa picha ya pili, naye akapanda basi kesho yake, bila hata kupaka poda. Kumbe kuitwa tena si kuambiwa una saratani. Muuguzi alimweleza kwamba wengi wanaoitwa hukutwa hawana kitu, ila picha ya kwanza haikuonyesha sawasawa. Wakampiga picha nyingine, wakampitishia kile kipimo cha mawimbi chenye mafuta ya baridi, wakamwambia ni kifuko cha maji tu. Alirudi akicheka na kulia kwa pamoja. Nikampikia viche, ule mchuzi wa samaki na karanga, kamba wa baharini nikaongeza, akala sahani tatu.

Na usiniandikie kalibu ya Baba kila barua. Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza. Mimi ndiye niliyemwosha Baba miguu mwaka mzima. Akafumba macho, kalibu ikaenda kwako kwa sababu eti "una mkono." Mimi sina mikono? Nina mapembe? Basi, nimesema, yamepita.

Niambie habari za karatasi.

Dada yako,
Teófila


Quebrada Honda, 9 Juni 2008

Dada Teófila,

Salamu katika Bwana. Sisi hatujambo. Natumai nanyi hamjambo.

Wifi Zobeida amerudi na kijiji kizima kinajua. Amesimulia kwa Don Calixto, amesimulia kisimani, amesimulia kwenye rozari kati ya fumbo la tatu na la nne. Dada Teófila alinilaza kitanda chake mwenyewe. Dada Teófila alinibebea mkoba. Dada Teófila alinikalia langoni hospitali toka asubuhi hadi mchana. Nikamuuliza, "Langoni? Hakuingia nawe?" Akasema, "Ah, harufu ya dawa inamkera, lakini alikuwa pale pale ukutani, akininunulia corviche za moto, zile kababu za ndizi na samaki."

Mimi nilipojifungua mwanangu wa mwisho nikiwa na homa siku tisa, hukuja. Uliandika kwamba una kazi nyingi. Sikusema kitu wakati ule na sisemi sasa. Lakini mke wa marehemu kaka yetu, aliyeingia ukoo huu juzi tu, anapikiwa viche na kuongezwa kamba. Mimi wa tumbo moja nawe naletewa maswali.

Roho imeniuma, dada. Nimeungama kwa Padri kwamba nina kijicho. Akaniambia nisali Baba Yetu kumi. Nimesali ishirini na bado kipo.

Kofia inaendelea.

Ermelinda


Guayaquil, 20 Julai 2008

Ermelinda,

Hujambo? Nilikuwa na mafua.

Kwa hiyo viche ndiyo iliyokukaa kooni. Njoo nitakupikia hata ya nyangumi. Lakini hii ni mara ya pili nakuuliza karatasi ilisema nini, na badala ya jibu unanipa kisa cha wifi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi sitaki kuja huko kwa kilio.

Teófila


Quebrada Honda, 30 Agosti 2008

Dada,

Amani ya Bwana. Sote wazima. Ninakutumia kofia kwa mkono wa dereva, imefungwa kwa kitambaa cheupe, isiguswe na jua. Imebaki ukingo, ambao ni kazi yako. Mfanyabiashara anaitaka mwisho wa Septemba. Amesema hajaona nyembamba kama hii tangu Baba afariki.

Ermelinda


Guayaquil, 11 Septemba 2008

Mdogo wangu,

Amani na wewe. Keti chini kabla hujasoma, na usimpe mtu mwingine akusomee.

Kofia zako nimezifunga ukingo miaka ishirini na minane. Nakujua kwa mkono kuliko kwa sauti. Ukiwa umegombana na mumeo naona, ukiwa na mimba nilikuwa naona kabla hujaandika. Nimeifungua hii nikaiweka dirishani.

Sehemu ya juu, uliyosuka Aprili na Mei, ni kazi ya malaika. Baba mwenyewe angenyamaza. Lakini kuanzia ubavuni, ambapo nakadiria ilikuwa Julai, nyuzi zinazotoka mkono wa kulia zimekaza kama ngozi ya ngoma, na zinazotoka mkono wa kushoto zimelegea. Mpaka chini, zinaendelea kulegea.

Mungu anisamehe ninachokuandikia. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Nilisema kwa sauti, peke yangu, "Ndio huo mkono uliopewa kalibu?" Nikaizungusha kofia nikitafuta makosa mengine, nikawa natabasamu kama mchawi. Nimekuonea wivu miaka yote hii, Ermelinda, na siku hiyo nilikula nikashiba.

Halafu nikatoa kikalibu changu kibovu cha kurekebishia. Nikaweka mto juu, nikainama, nikakiegemea kwa kifua jinsi unavyofanya, jinsi sote tulivyofundishwa. Nikatafuta ni vipi mtu mwenye mkono kama wako anaweza kulegeza nyuzi za upande mmoja. Nikahangaika nusu saa. Nikagundua kuna njia moja tu. Ukiacha kuegemea upande wa kushoto, kalibu inacheza, inabidi uishike kwa mkono wa kushoto, na mkono unaoshika kalibu hauwezi kuvuta ukindu.

Tabasamu likaniisha.

Titi lako la kushoto lina nini?

Teófila


Quebrada Honda, 25 Septemba 2008

Dada Teófila,

Nimesoma. Titi langu halina kitu. Kila msusi ana alama ya kalibu kifuani, Mama alikuwa nayo, Bibi alizikwa nayo. Kalibu ya mti mgumu ikikukaa kifuani tangu alfajiri mpaka jua lipande, kwa miaka arobaini, utapata uvimbe, utapata wekundu, na patauma. Wewe umesahau kwa sababu siku hizi unafunga ukingo umekaa kwenye kiti chenye mto, unasikiliza redio.

Umetafuta kosa katika kofia yangu miaka mingi na sasa umelipata, hongera. Ila usilivike joho la huruma. Sema tu kwamba unaitaka kalibu.

Ermelinda


Quebrada Honda, 5 Oktoba 2008

Dada yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Sijui kama utaifungua barua hii baada ya ile. Kama umeifungua, Mungu akubariki.

Leo Jumapili nimerudi kutoka kanisani, nikapiga magoti mbele ya picha ya Mama yetu wa Monserrate hapa chumbani, na sikuweza kusali. Nyuma ya picha ndiko nilikoificha karatasi. Tangu Aprili nimekuwa nikimsalia Bikira na karatasi iko mgongoni mwake, kana kwamba nimembebesha.

Inasema kuna kivuli upande wa kushoto. Inasema nirudi hospitali kwa picha nyingine na kipimo cha mawimbi, ndani ya mwezi mmoja. Muuguzi wa zahanati amekuja mara mbili mpaka mlangoni. Mara ya kwanza nilimwambia nitakwenda. Mara ya pili nilijificha kwenye zizi la nguruwe, mimi mwanamke wa miaka hamsini na moja.

Sababu nakuambia wewe tu. Karatasi zetu zilikuja juma moja. Yako safi kama sahani iliyooshwa, yangu yenye kivuli. Nikasema, Mungu wangu, mimi ndiye ninayefagia kanisa lako. Mimi ndiye nisiyekosa novena. Teófila anaingia kanisani kwenye mazishi tu, tena anakaa nyuma apate kuzungumza. Na yeye ndiye umpe sahani? Niliona nikikuambia utanihurumia, na huruma yako ilinitisha kuliko kivuli. Halafu akaja wifi na viche yake, nikatamani kufa. Nilitaka niwe mimi kwenye kile kitanda chako, dada, lakini kuomba sikuweza.

Ni kweli siegemei upande wa kushoto. Tangu Julai. Niliweka pamba, nikaweka kitambaa, mwisho nikawa naishika kalibu kwa mkono. Nilidhani hakuna atakayejua. Nilisahau nani anafunga ukingo wangu.

Nifanye nini?

Ermelinda


Guayaquil, 9 Oktoba 2008

Mdogo wangu,

Panda basi la Jumatatu tarehe 20. Nimekwenda hospitali kukuchukulia nafasi, ni Jumanne tarehe 21 asubuhi. Njoo na karatasi na kitambulisho. Siku hiyo usijipake poda wala manukato kifuani na kwapani, yanachafua picha. Kitanda changu ni chako, mimi nitalala na wajukuu.

Ile barua ya Septemba nimeitia moto. Ya tarehe 5 nimeiweka.

Teófila


Quebrada Honda, 24 Novemba 2008

Dada yangu Teófila,

Tumsifu Yesu Kristo, na tena tumsifu. Hujambo? Goti je? Wajukuu wameacha kukohoa? Mimi nilifika salama Jumatano, na Ijumaa tukaadhimisha sikukuu ya Mama yetu wa Monserrate. Niliubeba mshumaa wangu tangu kijijini hadi Montecristi, miguu imevimba lakini roho nyepesi. Nusu nyepesi. Hiyo nusu nyingine ndiyo sababu ya barua hii.

Kwanza nikushukuru. Ulinilaza kitandani kwako mara tatu. Mara ya kwanza waliponipiga picha tena na kunipitishia kile kipimo chenye mafuta ya baridi. Juma lililofuata waliponitoa kipande kidogo cha nyama kwa sindano, na mimi nikashika rozari mpaka uzi ukakatika na shanga zikatawanyika sakafuni, daktari akasaidia kuziokota. Kisha majuma matatu ya kungoja nyumbani. Majuma yale, dada, ni marefu kuliko kofia. Wewe ulinifundisha kuyavuka. Ulisema, "Mstari mmoja tu, Ermelinda. Ukiinua macho kuangalia ukingo ulivyo mbali, utaacha kusuka." Nikaishi hivyo, siku moja, mstari mmoja.

Na viche ulinipikia. Nilihesabu kamba. Najua ni dhambi kuhesabu, lakini nilihesabu, na ninaamini nimemshinda wifi.

Sasa nikueleze kilichotokea Jumanne tarehe 18, siku ya majibu. Nilipotoka hospitali nilikuambia habari njema tu, kwamba si saratani. Kuna chembe zisizotulia, za kuchungwa, nirudi mwezi wa Mei kwa picha, na baada ya hapo kila miezi sita mpaka watakaposema basi. Na ule uchungu ni kalibu kweli, ndivyo daktari alivyosema, ila kivuli kilikuwa kitu kingine ambacho kalibu haina habari nacho. Hayo yote niliyokuambia ni kweli. Kuna jambo sikukuambia.

Wewe ulikaa nje ukutani, kama siku zote. Harufu ya dawa. Mimi nikaenda dirishani kwa karani, nikasema jina la ukoo, Anchundia. Alikuwa na foleni ndefu nyuma yangu. Akatoa kadi, akaisoma bila kuniangalia, akasema kwa sauti ya kugombeza, "Lakini mama, wewe ulitakiwa urudi Juni kwa picha ya pili. Juni! Tumekuandikia mara mbili. Unadhani tunaandika barua kwa kuzipenda?"

Nikasema, "Binti, mimi niliitwa Aprili, si Juni. Nimechelewa, nimekiri, tayari nimepimwa."

Akaniangalia. Akaangalia kadi. Akaifunga haraka, akawa mwekundu mpaka masikioni. "Samahani, mama. Hii si yako. Hii ni ya Anchundia mwingine."

Niliona herufi moja ya jina la kwanza kabla hajaifunga, T. Wifi ana jina la kwao, na hakuna Anchundia wengine waliopimwa Quebrada Honda siku ile. Tulikuwa mimi na wewe.

Nilikaa kwenye benchi mpaka walipoita jina langu. Sikumbuki daktari alivyoonekana. Nilipotoka ulikuwa ukutani na corviche mbili mkononi, ukaniuliza, "Haya, nisherehekee au nilie?" Nikakuambia habari njema, ukanikumbatia, ukalia wewe kuliko mimi. Nikashindwa kusema. Usiku nikala viche yako, nikashindwa tena kusema. Nikapanda basi nikashindwa.

Dada, hapakuwa na sahani iliyooshwa.

Nimekuonea wivu miezi minane kwa karatasi ambayo hukuwa nayo. Nimemlalamikia Mungu juu yake, nimejificha na nguruwe kwa ajili yake. Na wewe muda wote huo ulikuwa unanisukuma mimi ndani ya lango ambalo mwenyewe huwezi kulipita. Ulimsindikiza wifi, ukakaa nje. Ukanisindikiza mimi, ukakaa nje. Kinyozi hajinyoi. Ulinitupia methali ya mficha maradhi, nami sasa nakurudishia, ni yako, ichukue.

Najua kwa nini ulisema uongo, huna haja ya kunieleza. Mimi nilikuwa na kalibu. Ulitaka na wewe uwe na kitu kimoja ambacho mimi sina.

Basi sikiliza. Siku ile ile, kabla sijatoka, nilirudi dirishani kwa yule karani. Nikamwambia, "Binti, sikuulizi kadi ya mtu. Lakini kama dada yangu Teófila Anchundia akija, utampa nafasi lini?" Akasema, "Mama, kwa dada yako nitaandika Alhamisi tarehe 11 Desemba, saa mbili asubuhi. Lakini aje." Nikasema atakuja.

Kalibu ya Baba nimeiosha kwa majani ya ndimu na kuifunga kwenye shuka. Sitaipandisha basi peke yake kama gunia la mihogo. Nitakuja nayo mwenyewe Jumatatu tarehe 8, baada ya misa ya asubuhi, na itakaa kwako. Daktari amesema niache kuegemea kwa miezi kadhaa, na baadaye kofia ndogo nitazisukia kalibu ya wifi. Usidhani nakuhonga. Au dhani unavyotaka, mradi Alhamisi uwe umevaa viatu. Wivu bado ninao kidogo, nitakapoiona kalibu sebuleni kwako utanichoma, lakini huo nimeuzoea.

Mara hii sikai nje ukutani. Nitaingia nawe mpaka mahali watakaponizuia, na hapo nitasimama. Kama ni kifuko cha maji tutacheka. Kama ni cha kuchungwa tutakichunga pamoja, wewe na mimi, kila miezi sita, benchi moja. Kama ni kingine, hicho nacho tutakianza kwa mstari wa kwanza. Ni mwezi wa tano sasa tangu Juni, dada. Usiongeze mwingine.

Dereva anarudi huku Ijumaa. Nakuomba unijibu kwa mkono wake, hata kama ni neno moja, kwamba Alhamisi tarehe 11 utakwenda. Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Ermelinda